Yamini ya Wanawake wa Kajificheni

Sehemu ya tisa

Haya, msomaji, kaa sawa. Wiki nzima mmebishana barazani, na wengine mmewekeana dau la kahawa, kisa jina lililokwama kinywani mwa Ndugu Miraji, mjumbe aliyetoka makao makuu ya Chama cha Fanusi kuja kumtangaza mgombea. Mwacheni sasa aliseme. Halikuwa la Khairat.

"Anuar Feruzi," alisema Miraji, na kabla watu hawajavuta pumzi akaongeza kuwa vikao vimeshafunga mjadala.

Kwenye uwanja wa tawi la Kajificheni, kigelegele kilichokwisha kuanza upande wa wanawake kilikatika katikati, na mwenye nacho akajiziba mdomo kwa mtandio. Kisha macho yote, ya wake kwa waume, yakamgeukia Bi Riyama Ubwa.

Kwa nini yeye? Kwa ambaye gazeti la nyuma lilimpita, au alilikuta limeshafungiwa kachori kabla hajalisoma, tuseme kwa ufupi. Bi Riyama ni mpishi wa shughuli. Mitaa ile hakuna harusi wala hitma ambayo sufuria lake halikupanda jikoni, na ndiyo maana wanawake wa tawi walimfanya mwenyekiti wao bila ya kupiga kura. Ni yeye aliyemfuata Khairat, mwalimu wa sekondari, mtoto wa marehemu shoga yake, akamshika mikono yote miwili na kumwomba agombee uwakilishi wa jimbo. Khairat akaacha kazi, maana mtumishi wa serikali hawezi kugombea huku ameshika chaki. Kura za maoni zilipopigwa alimwacha Anuar mbali sana, mpaka waliokuwa wakizihesabu wakamwonea haya Anuar.

Na ni Bi Riyama huyo huyo aliyetunga yamini, kiapo kile cha msahafu.

Kabla ya kura za maoni, wapambe wa Anuar walikuwa wakitamba kuwa wakishindwa watahama na kukivua chama nguo. Bi Riyama akaona dawa yao ni kuwafunga. Akawaita wanachama wote wa tawi, akawataka watie udhu, akawashikisha msahafu mmoja baada ya mwengine. Walisema hivi: atakayeletwa na chama ndiye wetu, hatutompinga, hatutomkimbia, tutasimama naye mpaka siku ya mwisho. Maneno hayo aliyapanga mwenyewe na aliyasema wa kwanza. Siku ile alirudi nyumbani kifua mbele, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba atakayeletwa ni Khairat. Nani mwengine?

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema wahenga. Huyu wetu aliingia na wanawake wa mtaa mzima mgongoni.

* * *

Khairat alijifunga buibui yake vizuri, akapita katikati ya watu, akaingia kichochoroni na kupotea. Bi Riyama alitaka kumfuata, lakini miguu ilimpeleka kwengine. Ilimpeleka ofisini, alikokuwa Miraji akifuta jasho na kuomba maji.

Miraji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa makao makuu wanaovaa viatu vilivyochongoka na kusema neno "mkakati" kabla ya bismillahi. Alimwamkia vizuri, shikamoo bi mkubwa, naye akaitikia marahaba, kisha akamuuliza bila ya kuzunguka: mtu aliyekataliwa na wanachama amekuwaje mgombea wa wanachama?

Miraji akaanza kuimba. Upande wa pili umesimamisha tajiri, kwa hiyo na Fanusi lazima isimamishe mwenye uwezo. Anuar ana nyumba anazojenga Fumba, ana hoteli Kendwa, ana magari. Tena Anuar alishawatumia ujumbe makao makuu kwamba akikatwa, anaondoka na kila alichonacho.

"Na sisi je?" Bi Riyama aliuliza. "Hamkuogopa kuwa na sisi tutaondoka?"

Kijana aliweka chini gilasi ya maji. Pengine aliona huruma, pengine alidhani anamsifu.

"Nyinyi mmeshaapa, bi mkubwa. Kikao kizima kilikusifuni. Wakasema Kajificheni hapana wasiwasi, wanawake wale wameshika msahafu, hawendi popote. Anuar hakuapa, siku ile alikuwa Kendwa na wageni wake. Sasa utamfunga nani, aliyekwisha kufungwa au asiyefungwa?"

Bi Riyama alishika mlango. Alikuja kutafuta aliyemkata Khairat, akajikuta yeye mwenyewe. Asingewaapisha wanawake, makao makuu wangewaogopa. Wangewaogopa, wangemwachia Khairat nafasi yake. Alitamani kusema kitu, hata tusi, lakini Miraji alishaanza kuongea na simu.

* * *

Msiseme hakujaribu. Alipiga simu makao makuu. Ilipokelewa, ikahamishwa, ikapigiwa muziki, ikakatika. Akapiga tena, akaambiwa mhusika yumo kikaoni. Akamtafuta mzee mmoja wa chama ambaye harusi za wanawe wote alizipika yeye. Mzee akamkaribisha, akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa uchungu, akamwambia avute subira kwa sababu chama ni kikubwa kuliko mtu. Bi Riyama alimuuliza chama hicho kikubwa kimejengwa na nini kama si watu. Mzee akamwagizia chai.

Mwisho akaenda Kiponda kwa Maalim Ame, Mtumbatu mmoja mpole anayesomesha watoto msikitini na asiyekuwa na chama chochote. Alimweleza yote, hakujificha. Maalim alifumba macho muda mrefu, mpaka Bi Riyama akadhani amesinzia.

Kisha akamwambia kuna mlango. Mtu akila yamini juu ya jambo, halafu akaona jengine lina kheri zaidi, anaruhusiwa kulifuata lile lenye kheri na kuitolea yamini yake kafara. Alishe masikini kumi, na kama hana uwezo afunge siku tatu.

Moyo wa Bi Riyama uliruka. Kulisha masikini ni kazi ya mikono yake miaka yote. Aliuliza kama anaweza kupika sufuria kubwa zaidi, akawatolea wenzake wote kwa mara moja.

"La," alisema Maalim Ame. "Kila mtu na shingo yake. Weye uliwaapisha, lakini kuwafungua huwezi. Lazima kila mmoja atake mwenyewe."

Basi akapika. Hakuwahi kupika pilau kwa moyo kama siku ile. Aliwalisha masikini wake uani kwake, akawaosha mikono mwenyewe, akawaomba dua. Walipoondoka aliketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalia kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu Miraji atamke lile jina alihisi anapumua. Yeye keshatoka. Kilichobaki ni kuwatoa wenzake.

* * *

Akawaita. Walikuja, maana Bi Riyama akiita watu huja. Aliwaeleza habari ya kafara kama alivyofundishwa, akawaambia asiyekuwa na uwezo wa kulisha, yeye atamsaidia mchele na nyama. Wakitoka wote, siku ya kufungua kampeni uwanja utakuwa mtupu, na makao makuu watajua Kajificheni si shamba lisilo mwenyewe. Jina la Khairat lingeweza kurudi. Muda ungalipo.

Alitegemea vigelegele. Alichopata ni wanawake kutazamana.

Wa kwanza kusema alikuwa Bashira, jirani yake wa mlango kwa mlango, mtu ambaye wakikosa chumvi huombana dirishani. Alisema kwa adabu, huku akizichezea bangili zake.

"Mie mwanangu ana mimba, Bi Riyama, yumo mwezi wake. Sichezi na msahafu saa hizi. Anuar simpendi, nakwambia kweli, lakini nlishika."

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Kumbe wiki ile Nusrat, ambaye ulimi wake hauna kifuniko, alimtukana Anuar dukani mbele za watu, na siku ile ile akateleza ngazini akavunjika kifundo cha mguu. Mtaa mzima ulikuwa umeshatoa hukumu. Mwengine akasema mumewe yumo safarini na hataki balaa. Mwengine akasema Maalim Ame ni mtu mzuri, lakini kuna masheikh wanaosema vyengine. Mwengine hakutoa sababu, alisema tu kwamba anaogopa.

Bi Riyama aliwabembeleza. Aliwaambia mguu wa Nusrat ulivunjwa na ngazi mbovu ambayo mwenye nyumba kakataa kuitengeneza tangu mvua za masika. Aliwauliza kama kweli Mwenyezi Mungu angemvunja mtu mguu kwa ajili ya Anuar Feruzi. Walicheka, kisha wakaacha kucheka.

"Weye ndiye ulotwambia asiyeshika hana imani," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma, bila ya hasira. "Tukashika. Leo unatwambia tuachie. Kesho utatwambia nini?"

Miaka yote Bi Riyama alijisifu kuwa neno lake kwa wanawake wale ni msumari ndani ya mvule, likishapigwa halitoki. Sasa alikuwa akilivuta kwa mikono miwili, nalo halitoki kweli. Walimsaidia kuosha vikombe, wakamuaga kwa mapenzi yale yale ya siku zote, na hakuna hata mmoja aliyekubali. Kama wangemtukana, angejua pa kushika.

* * *

Akabakiwa na Khairat. Alimfuata kwake Mbweni, akamkuta anaanika shuka. Nyumba ilikuwa kimya, sare zake za kazini zimekunjwa juu ya kiti, zikisubiri kugaiwa mtu. Khairat alimwamkia, akamtolea mkeka, akaendelea kuanika.

Bi Riyama alimwambia kila kitu: alivyosema Miraji, yamini ilivyogeuka kitanzi, kafara, na wanawake walivyokataa. Ilimtoka yote kwa pumzi moja. Kisha akasema wallahi, yeye hatosimama na Anuar, hata wamkate shingo.

"Usiniapie, Bi Riyama," Khairat alisema. "Yamini zako zimenitosha."

Hakuyasema kwa ukali, na ndiyo maana yaliingia. Bi Riyama aliinamisha kichwa. Alitaka kuomba msamaha, lakini msamaha wa kazi ya mtu unaombwa vipi? Mume wa Khairat ni dereva wa gari ya watalii, na watalii wana misimu yao. Mshahara wa chaki ndio uliokuwa ukilisha nyumba ile, mama mkwe na watoto watatu, na ni yeye, kwa mdomo wake mtamu, aliyemwambia auache.

Khairat aliuliza kama kafara ameshaitoa kweli, na nani mwengine anajua. Akajibiwa kuwa imeshatolewa, wanajua wanawake na Maalim. Akaifunga shuka pini ya mwisho.

"Makao makuu wameniita," alisema.

"Wanataka nini?"

"Watanambia nikifika."

Hiyo ndiyo iliyomrudisha Bi Riyama mjini na miguu miepesi. Wameniita! Chama hakimwiti mtu kiliyemkata kumpa pole tu. Kwengine majina yalishawahi kurudishwa siku za mwisho, kila mtu anajua. Njia nzima alikuwa akijipa moyo, na mtu aliyekwisha kukata tamaa akijipa moyo, msomaji, hakuna wa kumshika.

* * *

Siku ya kufungua kampeni alikusudia kubaki ndani. Alijitia homa, akajifunga kitambaa kichwani. Kabla ya alasiri wanawake walikuja mlangoni, kanga mpya za fanusi zimewajaa viunoni. Walisema hawendi bila yeye. Hawakumlazimisha, walikaa tu uani kwake, wakasali alasiri pamoja naye, yeye akiwaongoza katikati ya safu, kama walivyozoea. Baada ya salamu Bashira akamsogelea na habari.

"Khairat keshafika uwanjani. Kakaa jukwaani, mstari wa mbele. Kavaa kanga ya chama."

Bi Riyama alikitupa kile kitambaa. Jina limerudi! Kwa nini tena akae mbele, kama si kuja kutambulishwa? Alitangulia njia nzima, wanawake wakimkimbilia nyuma, na walipoingia uwanjani walipigiwa ngoma. Akaitwa jukwaani, akapanda. Alimtazama Khairat akitafuta tabasamu. Khairat alikuwa akitazama magoti yake.

Anuar Feruzi akashika kipaza sauti. Mabango yalimwita mtoto wa nyumbani, naye alianza kwa kuwasalimu wananchi kwa jina la mtaa wa jirani. Watu wakaguna, akasahihishwa, akacheka mwenyewe. Lakini kilichofuata alikuwa amefundishwa vizuri.

Alisema amesikia habari ya yamini ya wanawake wa Kajificheni, na imemtoa machozi. Bahati mbaya siku ile hakuwepo. Akasema leo anaomba irudiwe mbele yake na mbele ya viongozi, jina lake likitajwa, na aongoze yule yule aliyeongoza mwanzo, Bi Riyama.

Bi Riyama aliisikia tofauti. Yamini ya kwanza ilisema atakayeletwa na chama. Hii ilitaka Anuar kwa jina. Aligeuka kumtafuta Miraji, akamwona amesimama nyuma ya viti, anakwepa macho.

Aliyeinuka ni Khairat. Alikuja na msahafu uliofungwa kitambaa cheupe, akauchukua kwa mikono miwili kama mwalimu anavyouchukua mbele ya darasa, akasimama karibu sana na Bi Riyama, mbali na kipaza sauti.

"Wamenipa viti maalumu," alisema kwa sauti ndogo. "Sharti lao ni weye. Nliwambia umeshatoa kafara, wakasema basi uanze weye kushika. Mie nshashika jana."

"Mwanangu," Bi Riyama alisema.

"Nyumbani hamna kitu, Bi Riyama."

Uwanja ulikuwa ukingoja. Akikataa, anamkata Khairat kwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake, mchana, watu wakitazama. Akishika, anawafunga upya wale wanawake walioko chini, na walioogopa mlango wa kafara mara ya kwanza hawatoukaribia tena, jina la Anuar likishatajwa. Alitafuta njia ya tatu. Ilikuwepo moja tu, ndogo, ya aibu. Msahafu haushikwi bila ya udhu.

Akajongea kwenye kipaza sauti. Sauti ilimtoka nyembamba mpaka mwenyewe hakuijua.

"Sina udhu," alisema.

Viongozi walitazamana. Anuar akaangalia saa. Kwa muda mfupi ilionekana kama imepita, watasema basi siku nyengine, watu watapigiwa ngoma na kwenda zao.

Ndipo Bashira akasimama kule chini, mbele ya wanawake wote. Hakuwa na ubaya hata chembe. Alidhani shoga yake amepitiwa, amesahau kwa kiwewe cha jukwaa, na akaona amsaidie.

"Anao," alipaza sauti. "Tumesali naye sasa hivi, na udhu hajautengua."

Wanawake wakaitikia kwa vigelegele, wakasimama wote, wakainua mikono ya kulia. Khairat akakifungua kitambaa cha msahafu.